Wiki ya kufunga shule Desemba: ripoti, maigizo ya Krismasi na pilau ya watu 360 ndani ya siku tano, mnapangaje?

Mwalimu wa Zamu

Habari za jioni wakuu. Nawaita walimu wa taaluma, matroni, wapishi wa shughuli na wazazi wenye uzoefu wa kamati za shule.

Shule ni ya msingi, iko Dar es Salaam, ina kutwa na bweni. Wanafunzi ni 312: awali 44, la kwanza na la pili 88, la tatu hadi la sita 180. La saba walishamaliza Septemba. Bweni wako 64. Walimu na wafanyakazi wote ni 28, na wanaofundisha la tatu hadi la sita ni 12.

Ratiba iliyopitishwa na uongozi ni hii. Mitihani ya kufunga mwaka inaanza Jumatano na kumalizika Jumatatu. Jumatano inayofuata jioni ripoti ziwe mezani kwa mkuu. Alhamisi saa 4 asubuhi maigizo ya kuzaliwa kwa Yesu mbele ya wazazi, halafu pilau kwa wanafunzi, wafanyakazi na wageni kama 20. Ijumaa kukabidhi ripoti na kufunga. Jumamosi alfajiri watoto wa bweni wa mikoani wasafiri.

Naomba kujua:
1. Ripoti zitawahi kweli kwa siku mbili?
2. Pilau ya watu 360, mchele kilo ngapi na nyama kilo ngapi? Bajeti nitaifanya mwenyewe, nataka vipimo tu.
3. Maigizo ya watoto yasichoshe wazazi wala yasiharibiwe na spika.
4. Watoto wa bweni: 26 wanaenda Moshi na Arusha, 9 Morogoro na Dodoma, 5 Mwanza. Waliobaki wanafuatwa na wazazi.

Natanguliza shukrani.

---

Karani wa Taaluma

Mwalimu, naanza na swali la kwanza maana ndilo litakaloangusha mengine.

Kusahihisha si tatizo kama watu wanavyodhani. Watoto 180 mara masomo 6 ni karatasi 1,080. Gawa kwa walimu 12, kila mmoja ana karatasi 90. Kwa dakika nne kila karatasi ni saa sita za kazi. Karatasi za darasa la kwanza na la pili ni nyepesi zaidi. Kinachochelewesha ni vitu viwili: insha zilizowekwa mwisho wa ratiba, na kuingiza alama kwenye kompyuta.

Kwa hiyo anza na ratiba ya mtihani yenyewe. Kiswahili na Kiingereza viwe Jumatano na Alhamisi, siku za mwanzo, kwa sababu insha haisahihishwi kwa dakika nne. Hisabati Ijumaa, ili mwalimu wake apate Jumamosi na Jumapili. Masomo yenye maswali mengi ya kuchagua jibu yakae Jumatatu. Hayo yanasahihishwa jioni hiyohiyo. Shule nyingi hupanga Hisabati mwisho, halafu mwalimu mmoja ana marundo manne na wenzake wanakunywa chai.

Kwenye Excel, fungua faili moja yenye karatasi moja kwa kila darasa, majina yawe yameshaingizwa kabla mtihani haujaanza. Alama ziingizwe na watu wawili: mmoja anasoma, mwingine anaandika. Kila mwalimu wa somo ajumlishe alama za darasa zima kwa kalkuleta na kuandika jumla hiyo chini ya orodha yake ya mkononi. Ukishaingiza, linganisha na SUM ya safu ile. Zikitofautiana, kuna alama imekosewa, na utaipata kwa dakika tano badala ya kuletewa na mzazi Ijumaa.

Sasa makosa yanayoharibu ripoti, nayataja kwa uzito wake.

Kubwa kuliko yote: kupanga majina kwa alfabeti au kwa nafasi huku umechagua safu moja tu. Majina yanahama, alama zinabaki. Ripoti zinatoka zikiwa safi kabisa kwa macho, ila kila mtoto ana alama za mwenzake. Kabla ya kupanga, chagua jedwali zima kuanzia namba ya mtoto hadi safu ya mwisho, na weka nakala ya faili kabla hujagusa chochote.

La pili ni alama ya dola kwenye nafasi. Darasa la watoto 45 kuanzia mstari wa 5 hadi wa 49, fomula ni =RANK(K5,$K$5:$K$49). Ukiacha dola, kila unaposhuka mstari mmoja eneo nalo linashuka, na watoto wa chini kwenye orodha wanaanza kupata nafasi ya kwanza na ya pili bila jasho.

La tatu wengi hawalijui. Mtoto aliyekosa mtihani mkimwandikia "ABS" halafu daraja likatolewa kwa fomula ya kawaida, Excel inampa A. Kwake maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo "ABS" imezidi 41. Funga fomula hivi: =IF(ISNUMBER(C5),IF(C5>=41,"A",IF(C5>=31,"B",IF(C5>=21,"C",IF(C5>=11,"D","E")))),"-"). Hayo ni madaraja ya alama 50 kwa somo, kama ya mtihani wa la saba. Usimwandikie sifuri aliyekuwa mgonjwa. Sifuri inashusha wastani. Aliyekosa somo asipewe nafasi, aandikiwe kwamba hakukamilisha.

Na nusu alama. Mtoto mwenye 40.5 hajafika 41, anapata B. Kubalianeni mapema kama nusu inapandishwa, na walimu wote wafanye hivyo kwenye karatasi, isiwe mmoja anapandisha mwingine anaacha.

Ukitumia Word kuvuta majina na alama kutoka Excel, wastani utatokea kama 37.3333333333. Tumia TEXT huko Excel kabla ya kuunganisha, mfano =TEXT(L5,"0.0") kama wastani uko L5. Kubadili mwonekano wa seli tu hakusaidii.

Kuchapa: karatasi 312, nyuma ya kila ripoti weka tarehe ya kufungua, ada na mahitaji ya Januari, inaokoa barua nyingine. Tarehe ya kufungua ichukuliwe kwenye kalenda ya mihula ya wizara. Angalia tona wiki moja kabla, kwa sababu mitihani yenyewe imeshaila. Hifadhi ripoti zote kama PDF kwenye flashi. Umeme ukikatika utakimbilia steshenari, na faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine linaweza kuhama mistari, ripoti ya ukurasa mmoja ikawa miwili.

Usisahau mkuu wa shule. Sahihi na muhuri kwa sekunde kumi kila ripoti ni karibu saa nzima. Mpelekee darasa moja moja kuanzia Jumatano asubuhi. Awali watangulie, maana ripoti zao ni za maelezo, hazisubiri mtihani wa Jumatatu.

---

Jungu Kuu

Nachukua la pilau.

Usipige hesabu ya kichwa kimoja kwa wote. Mtoto wa awali gramu 70 za mchele mkavu zinamtosha, la kwanza na la pili 90, la tatu hadi la sita 120, mtu mzima 170. Kwa watu wako: awali kilo 3, wadogo kilo 8, wakubwa kilo 21 na nusu, watu wazima 48 kilo 8. Inafika 41. Nunua 42. Ukifuata hesabu ya harusini utapika 60, na 18 zitamwagwa.

Vingine kwa kilo 42 za mchele:

- Nyama steki kilo 27, au yenye mifupa kilo 35
- Viazi mviringo kilo 12
- Vitunguu maji kilo 8 (vya kachumbari ni mbali)
- Mafuta lita 6
- Kitunguu saumu kilo 1.5, tangawizi mbichi kilo 1.5
- Bizari nyembamba gramu 400, pilipili manga 80, mdalasini 100, hiliki 60, karafuu 40. Karafuu usizidishe, watoto hawali.
- Chumvi anza na gramu 500, kisha onja supu. Supu iwe imekolea kidogo kuliko unavyotaka wali uwe.

Usipike kilo 42 kwenye sufuria moja hata kama unalo. Chini itakuwa bokoboko, juu ina kiini. Gawa sufuria tatu za lita 70 hivi, kilo 14 kila moja, na gawanya nyama na viungo kwa mizani, siyo kwa macho.

Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukimimina kilo nane kwenye mafuta kwa pamoja, vinatoa maji na kuchemka, havikaangiki. Utasubiri saa nzima na vitabaki vyeupe. Kaanga kilo mbili mbili hadi viwe kahawia. Kazi hii ifanyike Jumatano jioni, vitunguu vikae kwenye mafuta yake hadi asubuhi.

Maji: sufuria kubwa haikauki kama ya nyumbani, kwa hiyo lita 1.5 kwa kilo ya mchele inatosha, yaani lita 21 kwa kila sufuria. Supu ya nyama ipo ndani ya hizo 21. Mpishi akipima maji 21 kisha akamimina na supu, hiyo tena ni bokoboko. Pima supu kwanza, ongeza maji hadi ifike. Mchele mpya unataka maji pungufu, kwa hiyo wiki moja kabla pika kilo moja kutoka gunia hilohilo ujue tabia yake.

Muda, kama mnakula saa 6 na nusu:
- Saa 12 asubuhi nyama iko motoni na saumu, tangawizi na chumvi
- Saa 3 na nusu vitunguu na viungo vinarudi kwenye moto, kisha nyama na viazi
- Saa 4 na robo supu na maji vinachemka, mchele unaingia. Uwe umeoshwa na kuchujwa
- Saa 5 kasoro robo maji yamekauka, geuza mara moja tu, palia
- Saa 6 kasoro robo funua

Usiruhusu mpishi apike saa 10 usiku ili "awahi". Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, vijidudu vyake huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa sababu hiyohiyo, masalia ya mchana yasiwe chakula cha jioni cha bweni.

Kugawa: mstari mmoja kwa sekunde kumi kila sahani ni saa nzima. Weka mistari mitatu, kila sufuria na mgawaji wake na bakuli moja la kupimia. Awali wahudumiwe madarasani kwao, wasipange foleni.

Soda kreti 14 ni chupa 336. Wanafunzi wanapata, watu wazima wengine wanywe maji.

---

Mwalimu wa Zamu

Asante sana wote wawili. Jungu Kuu, jiko letu sasa ni la gesi. Kuni tumeacha kwa yale maelekezo ya serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Mpishi anasema pilau ya gesi inaungua chini na juu hakuna makaa ya kupalia. Na mitungi mingapi?

---

Jungu Kuu

Inaungua kwa sababu moto wa jiko kubwa la gesi unapiga katikati. Tafuta bamba la chuma la milimita 4 au 5 kwa kila jiko, fundi wa kuchomelea anakukatia. Wakati wa kuchemsha usiliweke. Maji yakikauka, shusha moto hadi mwisho, weka bamba, rudisha sufuria juu yake. Juu funika kwa foili, kisha mfuniko, kisha kitu kizito ili mvuke usitoke. Hapo unapalia kwa mvuke. Ongeza dakika 15 kwenye ule muda wa kupalia, yaani nyama ianze saa 12 kasoro robo na vinavyofuata viwahishwe hivyohivyo, ila kufunua kubaki saa ileile.

Mitungi miwili ya kilo 38. Sio kwamba mmoja hautoshi kwa uzito. Majiko matatu makubwa yakivuta kwenye mtungi mmoja, mtungi unapoa, unatoa jasho la baridi, na moto unafifia wakati gesi bado ipo. Wapishi hudhani imekwisha na kuanza kutingisha. Miwili ikigawana kazi, hilo halitokei.

---

Mama Kwaya

La tatu, mwalimu. Kwanza mkumbuke kuwa shule zinafunga wiki kama tatu kabla ya Krismasi, kwa hiyo mko kwenye Majilio bado, kile kipindi cha kanisa cha kuisubiri Krismasi. Mwanzo wa Desemba ni mapema lakini hakuna siku nyingine ya kuwapata watoto.

Dakika 25, zisizidi. Wasimuliaji wanne, nyimbo tatu, matukio sita: malaika kwa Mariamu, safari ya Bethlehemu, nyumba ya wageni, wachungaji, mamajusi kwa Herode, horini. Luka sura ya 1 na ya 2 pamoja na Mathayo sura ya 2 zinakupa maneno yote, usitunge hotuba. Mathayo hakutaja idadi ya mamajusi, ametaja zawadi tatu tu. Kama watoto watano wanataka kuvaa taji, wavike.

Waigizaji wakuu wachukueni la nne. Hao walishafanya mtihani wao wa taifa mwishoni mwa Oktoba, na Novemba nzima wanakaa bila shughuli ya maana huku wenzao wakidurusu. Mazoezi sita ya dakika 40 kuanzia katikati ya Novemba yanatosha. Wiki ya mwisho fanyeni zoezi moja tu, Jumatano, na mavazi kamili. Awali wawe kondoo na nyota; wanaingia, wanaimba wimbo mmoja, wanatoka. Wasikalishwe jukwaani dakika 25, atalala mmoja na mwingine atataka chooni.

Sauti ndiyo inayoharibu. Mkimpa kila mtoto kipaza sauti cha kupokezana, mmoja atakishika tumboni, mwingine atakizima kwa kidole, na kikipita mbele ya spika kinapiga mluzi. Dawa yake: waigizaji wasiseme. Waigize kwa vitendo, na watoto wanne wenye sauti nzuri wasimame pembeni kwenye vipaza sauti viwili vya kusimama, wasome maneno yote. Hapo yule mtoto mwenye aibu anaweza kuwa Yusufu mzuri kabisa. Spika ziwe mbele ya vipaza sauti, zimeelekea wazazi. Jenereta iwashwe na kujaribiwa Jumatano, siyo kuulizwa funguo zake Alhamisi. Kama kwaya inaimba kwa kinanda, kinanda nacho kiunganishwe kwenye jenereta. Mara nyingi wanakumbuka spika peke yake.

Mavazi kwa gharama ndogo: kanga ya buluu kwa Mariamu, mashuka ya rangi moja na kamba kiunoni kwa wachungaji, majoho ya kwaya ya kanisa kwa mamajusi, mataji ya manila. Mabawa ya malaika ni waya wa milimita 3 na kitambaa cha neti, upana usizidi kiwiko hadi kiwiko. Mkifanya mapana, malaika wanne hawapiti mlango mmoja na lazima mmoja atamchoma mwenzake jicho. Ncha za waya zikunjwe na kufungwa kwa utepe wa gundi. Mtoto mchanga awe mwanasesere. Kuna mzazi atajitolea kuleta mbuzi. Mshukuruni, mbuzi abaki nyumbani.

Mvua za vuli bado zipo mwanzo wa Desemba, kwa hiyo hema ni lazima, na lisimamishwe Jumatano. Spika na nyaya zikae juu ya meza au paleti za mbao, zisilale chini.

---

Mzazi wa Mbagala

Hapo kwenye maigizo niongeze. Shule ikiwa na watoto wa Kiislamu, msiwagawie nafasi kisha mkasubiri mzazi alalamike. Wazazi wengi wa Kiislamu hawakubali mtume kuigizwa, na Nabii Isa kwetu ni mtume, kwa hiyo hata nia ikiwa njema inakwaza. Tumeni ujumbe mapema: mtoto atashiriki nini, na nafasi nyingine ni ipi. Ngonjera ya kufunga mwaka, ngoma, shairi, kuongoza wageni, hizo kila mtu anaweza. Ziwekeni kwenye ratiba moja na zipewe muda wake, isiwe mtoto anaambiwa "wewe kaa darasani".

Kwenye nyama, kama shule inachinja ng'ombe au mbuzi wake, achinje Mwislamu ili wote wale sufuria moja. Najua shule nyingi zinafanya hivyo, ila kwenye haraka ya wiki hiyo hilo husahaulika hadi mnyama ameshaanguka.

---

Matroni Mstaafu

Watoto wa bweni. Desemba mabasi ya kaskazini hujaa kwa sababu kila mtu anapanda Moshi, kwa hiyo tiketi za Jumamosi zikatwe katikati ya Novemba, siyo wiki ya kufunga.

Hao 26 wa Moshi na Arusha usiwabane kwenye Coaster moja. Viti vinaweza kutosha lakini mizigo haina pa kukaa, na matranka yakipangwa kwenye njia ya katikati mlango hautumiki. Chagua moja: viti 28 vya mfululizo kwenye basi la kawaida pamoja na walezi wawili, au basi la kukodi. Ukikodi, omba kuona kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha safari hiyo kabla ya kulipa. Basi bila kibali linazuiwa njiani na watoto wanakaa barabarani hadi jioni.

Wa Morogoro na Dodoma wapelekwe kwa treni ya SGR. Watoto wa miaka 4 hadi 12 wanalipa nusu nauli, ila tiketi iandikwe jina la mtoto kama lilivyo, na mlezi awe na kitambulisho chake. Kuweni stesheni mapema, kuna ukaguzi wa mizigo na treni haisubiri.

Wa Mwanza ni watano tu lakini ndio wenye safari ndefu. Mlezi mmoja asafiri nao hadi mwisho. Msimkabidhi konda mtoto, hata mzazi akisema anamfahamu.

Fomu ya kumkabidhi mtoto iwe na: jina la mtoto, darasa, kituo anachoshukia, jina la anayempokea kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba mbili za simu, na nafasi ya sahihi. Mlezi anabaki na fomu, anapiga picha ya sahihi na kutuma shuleni papo hapo. Anayekuja kupokea akiwa mtu mwingine, mzazi apigiwe simu na mtoto asikilize sauti mwenyewe.

Mambo ya bweni yanayosahaulika: dawa za mtoto mwenye pumu au selimundu zikae mkononi kwa mlezi, siyo ndani ya tranka chini ya basi. Kukagua magodoro, ndoo na funguo za makabati kufanyike Alhamisi jioni. Nguo zifuliwe mwisho Jumatano. Zikifuliwa Ijumaa na mvua ikanyesha, zitafungwa mbichi na zitafika zimeoza harufu. Usiku wa Ijumaa chakula kiwe chepesi, na atakayepata kichefuchefu garini akae viti vya mbele.

---

Mwalimu wa Zamu

Matroni, shikamoo, na ahsante. Kuna jambo moja limeletwa na uongozi leo: wenye madeni ya ada wazuiliwe ripoti, na matokeo ya kila darasa yatumwe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp ili wasije wengi Ijumaa. Mnaonaje?

---

Karani wa Taaluma

Orodha ya darasa zima kwenye WhatsApp, hapana. Alama za mtoto ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Zaidi ya sheria, mtoto wa 45 kati ya 45 anaonwa na wazazi 44 ambao hawakuuliza. Mzazi aliye mbali atumiwe PDF ya mtoto wake peke yake kwa namba yake. Ulishazitengeneza PDF kwa ajili ya steshenari, zigawe tu kwa jina.

Suala la ada ni la bodi na mhasibu, na binafsi sioni faida ya kuzuia ripoti mwezi Desemba: mzazi asiye na hela hatakuja kabisa, na Januari utampoteza mtoto pamoja na deni. Mwenye deni apewe ripoti ikiwa na karatasi ya salio ndani ya bahasha, mhasibu awe na meza yake pembeni, apangiane naye tarehe. Meza hiyo isiwe mlangoni mwa darasa.

Ijumaa ripoti zigawiwe kila darasa chumbani kwake, saa 2 hadi saa 5, mwalimu wa darasa akiwa na orodha ya kusaini. Ukizigawa ukumbini, mwenye watoto watatu atasimama foleni tatu na mwalimu hataongea na mzazi hata mmoja. Na vitabu vya shule virudishwe tangu Jumatano mitihani inapoanza, kila somo likishafanyiwa mtihani kitabu chake kinarudi siku hiyo. Ukisubiri siku ya kufunga, kitabu kimeshapanda basi la Arusha.

---

Jungu Kuu

Nimeona sikusema kachumbari. Nyanya kilo 15, vitunguu kilo 6, matango 20, ndimu 40. Vioshwe kwa maji safi ya kunywa, vikatwe kuanzia saa 5, na chumvi na ndimu viingie mgawaji akiwa ameshashika kijiko. Ukitia chumvi saa 4, saa 6 una ndoo ya supu ya nyanya. Pilipili iwe pembeni kwa watu wazima tu.

Na chupa za soda zihesabiwe zinaporudi, kreti kwa kreti, kabla ya hema kushushwa. Mpe la sita kazi hiyo.